Tangi la upepo huozea ndani

Kama una kompresa, yaani mashine ya kubana hewa, gerejini, kabla hujaendelea kusoma nenda ukafungue koki iliyo chini ya tangi. Yakitoka maji ya rangi ya chai, haya ninayoyaandika yanakuhusu.

Nina gereji ya malori huku Changamwe, Mombasa. Kompresa yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imeshatumika, imepakwa rangi ya buluu, inang'aa. Kwa miaka miwili sikuigusa ile koki hata siku moja. Nilibadilisha mkanda na oili, nikahesabu kwamba nimeitunza. Asubuhi moja nikaona tone jekundu linaning'inia chini ya tumbo la tangi, nikamwita kijana wa kuchomelea aje azibe. Waya zake zilikuwa zimeshaunganishwa alipofika fundi mzee wa jirani na kutuzuia. "Mwanangu," akaniambia, "ukiona tundu moja hapo, jua bati lote limekwisha. Utachomelea nini?"

Nikamwita mkaguzi. Alipima unene wa bati kwa kifaa chake bila kulitoboa tangi. Ubavuni lilikuwa zima, lakini chini kabisa, maji yanapotuama, lilikuwa limebaki chini ya nusu. Na kila siku tulilijaza hadi baa 8, vijana wamekaa kando yake wakila chapati. Baa 8 maana yake kila sentimita moja ya mraba inasukumwa kwa nguvu ya kilo 8 hivi. Kipande cha bati cha sentimita 10 kwa 10 kinabeba zaidi ya kilo 800.

Maji yale yanatoka wapi? Kwenye hewa yetu ya pwani. Joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, kila mita moja ya ujazo ya hewa ina gramu 24 hivi za maji. Kompresa inayovuta lita 200 kwa dakika, ikinguruma saa tano kwa siku, inavuta karibu lita moja na nusu ya maji. Hewa ikishabanwa na kupoa haiwezi kuyabeba yote, kwa hiyo mengi yanabaki tangini na kulitia kutu kwa ndani. Rangi ya nje haikwambii lolote kuhusu hilo.

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka tangi la upepo likaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24. Inataka pia presha salama ya kazi iandikwe waziwazi juu ya tangi, na pawe na geji sahihi ya kusoma presha, valvu ya usalama inayoachia hewa presha ikizidi, na njia ya kutolea maji. Wenzangu wengi huichukulia karatasi ya ukaguzi kama stakabadhi ya kumwonyesha afisa akija. Mimi nawasihi msome kilichoandikwa ndani yake. Ukinunua kompresa iliyotumika, dai ripoti ya mwisho ya ukaguzi kabla ya kutoa pesa. Asiyekuwa nayo, mwache na tangi lake.

Tangi likipimwa nguvu, lipimwe kwa maji. Maji hayabanwi kirahisi, kwa hiyo bati likipasuka presha inashuka papo hapo. Likijazwa hewa kupita kiasi na likapasuka, vipande vinaruka.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni valvu ya usalama. Ikianza kuvuja na kupiga mluzi, kijana anaona kelele, anaing'oa na kufunga bolti mahali pake. Nililikuta hilo kwangu mwenyewe. Swichi ya presha, ile inayozima kompresa tangi likijaa, ikigoma kukata siku hiyo, hakuna kingine cha kuizuia presha isipande. Valvu inayovuja hubadilishwa kwa nyingine iliyopangwa kwa presha ya tangi lile lile, na kazi inasimama mpaka ipatikane.

Mabomba ya plastiki ya maji msiyatumie kwa upepo, hata fundi akisema yanavumilia. Yakipasuka hutawanyika vigae vyenye makali.

Na kujipuliza vumbi nguoni kazi ikiisha, hapana. Upepo unaweza kupenya kwenye kidonda, kuharibu jicho au sikio. Marekani sheria inaruhusu kusafishia upepo usiozidi psi 30 tu (baa 2 hivi), tena kwa kinga ya macho, na vijana wetu wanajipuliza kwa psi 120 (baa 8 hivi). Kwangu nimeweka brashi na ndoo ya maji karibu na mlango.

Lile tangi la buluu sikuliuza zima. Nililikata vipande kwanza ndipo nikalipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, asije mtu mwingine akalipaka rangi. Hili la sasa, kila jioni tukishazima, kijana mdogo kuliko wote anashusha presha, anafungua koki polepole, na haifungi mpaka maji yaishe.