Sanduku la safari likae kwa nani?

Mmeuliza juma hili kama vitu vya urithi vya ukoo vibaki nyumbani au vipelekwe makumbusho. Jibu langu kwa kawaida ni makumbusho, ingawa kinachonichoma zaidi ni warithi wanaogawana vitu mwenyewe akiwa hai, amekaa palepale, anasikia.

Nahudumia wazee majumbani hapa Minnesota, Marekani. Mnaoishi huku mnazijua nyumba za wenye asili ya Norway: gurudumu la kusokotea sufu, kitabu cha nyimbo cha Kilutheri chenye herufi za kale, na sanduku la safari, lile ambalo mababu walihamia nalo huku kutoka Norway. La bibi mmoja niliyemhudumia lilikuwa na mfuniko uliobinuka, mikanda ya chuma na maua ya kuchorwa, na mbele limeandikwa jina la babu wa babu yake, mwaka 1867 na "Nord Amerika". Abiria wa merikebu za tanga walijilisha wenyewe, kwa hiyo lilijazwa mikate mikavu na nyama iliyokaushwa ya kuwavusha bahari. Huku likaishia bandani, likawekewa shayiri ya farasi, panya wakatafuna pembe moja. Bibi ndiye aliyelitoa alipoolewa, akalisafisha, akatia mablanketi ya watoto.

Siku ya kupunguza vitu, kabla hajahamia makao ya wazee, wanawe walilizunguka wakibishana bei. Mmoja akasema rangi ikikwanguliwa litapendeza zaidi. Nilikuwa nakunja nguo, nikaacha. Bibi hakuwajibu. Aliniomba niinue mfuniko, akamwita mjukuu wake wa kike, akamwonyesha blanketi moja moja: hili la baba yako, hili la shangazi yako, hili la mtoto wangu wa kwanza, aliyefariki kabla hajatembea. Wanawe, watu wazima wenye mvi, hawakuwahi kusikia habari za huyo kaka yao. Walikaa chini. Mchana wote ukaishia hapo, kahawa ikachemshwa upya, na bei hakuitaja mtu tena.

Vesterheim, makumbusho ya Decorah, Iowa, yanakusanya tangu 1877 na yana vitu zaidi ya 30,000, masanduku kama hayo yakiwemo. Nawaheshimu sana, bila wao mengi yangeozea bandani. Lakini hakuna mtunzaji ambaye angejua blanketi lipi ni la nani. Basi, kwa lile, nasema libaki kwa mjukuu, na aendelee kulitumia. Ila akikosa wa kumrithisha, au mtu akitaja tena kukwangua rangi, lipelekwe Decorah kesho yake.