Dakika Tano: Nilichojifunza kwa Kwenda Kazini Watu Wanne Ndani ya Gari Moja

Kundi letu la kwanza la kwenda kazini kwa gari moja lilidumu miezi mitatu, na aliyelivunja ni mimi. Hatukugombana. Asubuhi moja nilifika mahali tulipokuwa tukimchukua mwenzetu wa nne, nikasubiri, nikatazama saa, nikaondoa gari. Kwenye kioo nilimwona akitoka mbio, mkoba mkononi. Sikusimama.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba sikuwahi kumwambia kuwa kuchelewa kwake kunanikera. Kila aliposema "Samahani jamani," nilimjibu "Usijali, twende." Nilimjibu hivyo wiki 12 mfululizo. Angejuaje?

Sasa kundi letu jipya liko mwaka wa sita. Watu wengi huniuliza tunagawana vipi mafuta, na nitalieleza hilo. Lakini niamini ninapokwambia kwamba mafuta huwakutanisha watu tu. Hayawezi kuwaweka pamoja. Marekani wamelijaribu jambo hili kwa upana kuliko wengi. Mwaka 1943, wakati wa vita, serikali yao ilitoa mabango yaliyowaambia wananchi kwamba anayeendesha peke yake anaendesha na Hitler, kwa sababu petroli na mpira wa matairi vilikuwa adimu. Mafuta yalipopanda bei ghafla baada ya 1973, watu wakarudi kupeana lifti, na sensa ya 1980 ikakuta karibu mfanyakazi 1 kati ya 5 anakwenda kazini kwa gari la kushirikiana. Kufikia 2019 walikuwa wamebaki kama 1 kati ya 11. Mafuta yakishuka bei, kila mtu hurudi kwenye gari lake, isipokuwa wale waliopatana vizuri.

Kwa hiyo anzeni na saa. Sisi kanuni yetu ni dakika tano. Zikipita, gari linaondoka, na aliyeachwa hapigi simu kulalamika wala waliomwacha hawamsemi. Inaonekana ni ukali, lakini imetuondolea manung'uniko yote. Mmoja akichelewa dakika saba, wenzake watatu wamepoteza dakika 21 kwa jumla, na kama foleni ndiyo kwanza inaanza kujaa, dakika saba za kuchelewa kuondoka zinaweza kuwa nusu saa ya kuchelewa kufika. Kanuni hiyohiyo inamhusu dereva. Asipofika ndani ya dakika tano na hajatoa taarifa, abiria wana haki ya kujitafutia usafiri mwingine bila kumwomba radhi.

Pia tuliacha kuzunguka mlango kwa mlango. Tunakutana mahali pamoja penye mwanga na pa kukaa mvua ikinyesha. Kila kona ya kumfuata mtu mmoja ina foleni yake na sababu zake za kuchelewa.

Sasa fedha. Chukua safari ya kilomita 18 kwenda na 18 kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 792. Gari linalotumia lita 9 kwa kilomita 100 litakunywa lita 71 hivi kwa mwezi. Mkiwa wanne, kila mmoja anabeba chini ya lita 18. Zidisha kwa bei ya mafuta ya mwezi huo, umemaliza. Nasisitiza gawanyeni kwa watu wote, dereva akiwemo, maana naye anakwenda kazini. Matairi, oili na servisi ni vyake peke yake, hivyo tulikubaliana kuongeza kidogo juu ya mafuta. Kiasi kinaandikwa na kinalipwa mwanzoni mwa mwezi. Mali bila daftari huisha bila habari, na urafiki nao ni mali. Kama wawili au watatu kati yenu wana magari, peaneni zamu za wiki nzima nzima na hakuna atakayedaiwa.

Ila kabla hujapokea hata senti, soma mkataba wako wa bima. Bima nyingi za gari binafsi hazina tatizo na watu kuchangia gharama, lakini ukianza kupata faida unaweza kuhesabiwa kuwa unafanya biashara ya abiria, na siku ya ajali ukajikuta huna kinga. Piga simu uulize.

Jambo ninaloona halipewi uzito wake ni safari ya kurudi. Asubuhi wote mnakwenda sehemu moja. Jioni mmoja ana kikao, mwingine kapigiwa simu kwamba mtoto anaumwa shuleni. Watu wengi wanaokataa kuacha gari nyumbani hawakatai kwa uchoyo. Wanaogopa kukwama. Sisi tuna kibubu. Kila mmoja huweka kiasi kidogo kila mwezi, na mwenye dharura analipiwa teksi kutoka humo, bila maswali. Kwa mwaka kinaguswa mara tatu au nne tu. Ila dada mmoja aliniambia wazi kwamba bila hicho kibubu asingejiunga.

Na kimya pia kizungumzieni. Kampuni ya BlaBlaCar, inayowakutanisha madereva na abiria wanaokwenda njia moja, na iliyoanzia Ufaransa mwaka 2006, ilipata jina lake kwenye kipimo cha uongeaji. Asiyependa maneno alijiandika Bla, wa kadiri BlaBla, msemaji BlaBlaBla. Ni busara kubwa ile. Mmoja wetu huhitaji kufumba macho asubuhi, na tangu aliposema, redio haifunguliwi wakati wa kwenda.

Kuhusu usalama sina mjadala. Anzeni na watu mnaofahamiana, kila mmoja afunge mkanda, nyumbani wajue uko gari gani na nani. Dereva akishika simu barabarani, mwambie siku hiyohiyo. Asiposikia, shuka kwenye kundi.

Wiki ileile niliyoondoka kwa hasira nilimwendea yule mwenzangu nikamwomba radhi. Ndipo akanieleza kwamba kila asubuhi, kabla hajatoka, humwogesha mama yake ambaye hawezi kusimama. Alichokuwa akikihitaji ni robo saa. Siku ile hatukuwa tumewahi kuulizana asubuhi ya kila mmoja ikoje kabla ya kupanga saa ya kuondoka. Yeye ndiye wa kwanza niliyemwalika kwenye kundi jipya. Zamani tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Siku hizi tunaondoka saa moja kasorobo, na mara nyingi namkuta amekwisha kufika, ananisubiri.