Usipige picha ya ukoo mzima kwa f/1.8

Mkuu, salamu baadaye. Umeandika kwamba umenunua lenzi ya 50mm f/1.8, Jumamosi unapiga sendofu ya dada wa rafiki yako, na apecha (tundu la lenzi linaloingiza mwanga; 1.8 ni tundu kubwa, 8 ni dogo) utaiacha kwenye 1.8 usiku kucha "kwa sababu ndiyo inatoa picha za kipro". Nani kakudanganya? Maana aliyenidanganya mimi namjua.

Alikuwa fundi wa studio, mtu wa mdomo sana. Kwake yeye, nyuma kukiwa na ukungu basi kazi imekwisha, na f/8 ni ya wapiga picha za paspoti. Nikalibeba somo hilo hivyo hivyo mpaka kwenye harusi ya watu, kianzio nimeshakula.

Picha za maharusi wawili, usipime! Kope zinahesabika. Ikaja picha ya ukoo: watoto wamechuchumaa mbele, maharusi na wazee kwenye viti, warefu wamesimama nyuma. Nikarudi kama mita 5, fokasi (sehemu kamera inayoifanya kali) kwenye jicho la bibi harusi, f/1.8, nikabonyeza weee. Kwenye kiskrini cha kamera kila mtu safi. Usikiamini kile kiskrini, ni kidogo mno kuonyesha ukungu.

Sasa mwenyekiti wa kamati, mjomba wa bibi harusi, ndiye aliyeshika salio langu. Na ni mrefu. Tumekaa kwenye kompyuta, akaniambia kuza hapo nyuma kulia, halafu akauliza, "Huyu ni nani?" Nikanyamaza. Alikuwa yeye. Watoto wa mbele nao nyuso zimevurugika, na hakuna programu ya kuwarudisha sura zao halisi. Salio lile sijaliona mpaka leo. Tena tai aliyovaa ilikuwa mbaya, kwa kweli nilimsitiri.

Hesabu yake siyo siri. Kamera zetu hizi zenye sensa (kipande kinachonasa picha) ya saizi inayoitwa APS-C, ukiweka 50mm, f/1.8, mtu yuko mita 5, eneo linalotoka kali mbele mpaka nyuma ni kama sentimita 70 tu. Hiyo inatosha safu moja. Funga mpaka f/8, unapata kama mita 3, ukoo wote umeingia na mjomba juu. Ukisogea karibu ndiyo balaa zaidi: mita 2 kwa f/1.8 unabaki na kama sentimita 12, mtu akigeuza bega tu anakuponyoka. Fundi yule angekuwa na rula asingeniponza.

Kwa hiyo kabla hujagusa apecha, HESABU SAFU. Safu moja f/4, mbili f/5.6, tatu f/8, fokasi kwa mtu wa safu ya katikati. f/1.8 ibakize kwa bibi harusi peke yake, pete, keki.

Najua utasema ukumbini giza. Kweli, kutoka f/1.8 hadi f/8 mwanga unaoingia unapungua karibu mara 20, na shata (muda wa kamera kunasa mwanga) usiishushe chini ya 1/125 ya sekunde kwa sababu watu hawatulii. Ndiyo maana picha ya ukoo unaipiga nje, saa 11 jioni, kabla MC hajashika kipaza sauti. Mwambie mwenyekiti mapema, atakubishia, mng'ang'anie. Ikishindikana kabisa pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka 3200 au 6400. Chengachenga zitakazotokea kwenye picha watu wanazisamehe, uso usioonekana hawausamehi.

Uliuliza pia habari za flashi na memori kadi, hayo wadau wengine watakujibu. Wewe leo jioni panga viti vitatu kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja weka gazeti, piga kwa 1.8 halafu kwa 8, hamishia kwenye kompyuta, jaribu kusoma vichwa vya habari vya gazeti la nyuma. Picha zilete humu kabla ya Jumamosi.