Kasoma dini, kaanza kuuliza: maswali na majibu

Vyuo vimefungwa, vijana wamerudi nyumbani na wazazi wamepandwa presha, kwa hiyo wiki hii nimechagua barua za waliosomea dini na wanaoishi nao. Zinazouliza 666 ni nani nimeziweka kando tena.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu anasomea theolojia, mwaka wa pili. Karudi likizo anasema Musa hakuandika vitabu vyote vitano, na kwamba Mwanzo ina habari mbili za uumbaji. Baba yake anataka kusimamisha ada. Tufanyeje? (Mama, Moshi)*

Marahaba, mama. Kwanza ada ilipwe. Pili, leo baada ya chakula cha usiku fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 34, baba asome kwa sauti. Mstari wa 5 Musa anakufa, wa 6 anazikwa, na mwandishi anaongeza kuwa kaburi lake halijulikani hata leo. Sasa baba aseme mwenyewe aliyeandika hapo ni nani. Ibn Ezra, msomi wa Kiyahudi kutoka Hispania, alilidokeza jambo hili karne ya 12, tena kwa mafumbo, maana alijua lina moto. Kisha rudini Mwanzo. Sura ya 1 wanyama wanatangulia na mtu anafuata. Sura ya 2 mtu yuko tayari, ndipo wanyama wanaletwa awape majina. Mwanao hajaokota uzushi mahali. Kasoma kitabu ambacho ninyi mmekwenda nacho kanisani miaka yote kikiwa kwapani.

Maswali haya ni ya zamani kuliko dhehebu lenu. Karne ya 3 Origene, mwanatheolojia Mkristo wa Aleksandria, aliuliza siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwaje siku wakati jua halijaumbwa. Hakuacha imani kwa kuuliza hivyo. Uzeeni alifungwa na kuteswa kwa ajili ya imani hiyohiyo.

Ninachohofia mimi ni kwamba kijana amefundishwa tangu Shule ya Jumapili kuwa likiguswa neno moja, yote yameanguka. Mtoto aliyelelewa hivyo akikutana na Kumbukumbu 34 chuoni ana njia mbili tu, kudanganya au kuondoka, na njia hizo hakuzichonga profesa.

Mtazameni Bart Ehrman wa Marekani. Alianzia chuo cha Biblia cha Moody kule Chicago, mlokole wa kukariri mistari. Baadaye akafundishwa Princeton na Bruce Metzger, bingwa wa hati za kale za Agano Jipya. Hati walizosoma ni zilezile. Metzger alifariki mwaka 2007 akiwa bado mchungaji wa Kipresbiteri. Ehrman leo haamini, na mwenyewe ameeleza kwamba kilichomng'oa mwishoni hayakuwa makosa ya wanakili, lilikuwa swali la mateso: iweje Mungu awe mwema na watoto wafe kwa njaa? Kwa hiyo baba asitafute mchawi kwenye silabasi. Amuulize mwanawe ana nini moyoni tangu aondoke nyumbani, halafu anyamaze asikilize.

Na hili hukuuliza: msimburute kwa mtumishi "akafunguliwe". Atafungua kinywa aseme amina, na hamtamsikia akisema ukweli tena.

*Ni kweli Biblia ilitungwa na Konstantino kule Nikea mwaka 325? (Wengi, kutoka kila kona)*

Hapana. Na mwezi ujao mkiuliza, nitasema hapana. Nikea ulikuwa mkutano wa maaskofu ulioitishwa na Kaisari Konstantino. Walibishana juu ya padri Ario na mafundisho yake kuhusu Mwana, yaani Yesu, wakapanga tarehe ya Pasaka, wakatunga kanuni 20. Hakuna hata moja inayochagua vitabu vya Biblia. Orodha kongwe tuliyo nayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kuongeza wala kupunguza, imo katika barua ya askofu Athanasio ya mwaka 367. Wakati huo Ario na Konstantino wote walikuwa makaburini zamani. Kanuni 20 hizo zinasomeka chai ikiwa bado ya moto. Aliyekutumia klipu hakuzisoma.

*Nichukue CRE (somo la dini ya Kikristo shuleni) sababu ni rahisi kupata alama? (Mwanafunzi, Kisumu)*

Ukiichukua kwa ajili ya alama, utapata alama.

*Nimesoma historia chuoni nikagundua Ukristo ni dini ya wazungu iliyoletwa kututawala. Nimeacha. (Ndugu, Mwanza)*

Umesoma nusu. Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, alikuwa Mkristo karne ya 4, na askofu wa kwanza wa huko, Frumentio, aliwekwa wakfu na Athanasio wa Aleksandria. Wamisionari wa Papa walifika Kent, Uingereza, mwaka 597. Hesabu mwenyewe nani alitangulia. Augustino, ambaye wazungu wamemnukuu miaka elfu moja na mia tano, alizaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria.

Lakini nusu uliyoisoma ina ukweli, na mimbari nyingi zinaukwepa. Mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia ya kuwafundishia watumwa wa visiwa vya Karibi, na habari ya Waisraeli kutoka Misri ilikuwa imenyofolewa. Waliokata walijua vizuri kitabu hicho kinawaambia nini watu waliofungwa minyororo. Huku kwetu, mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watumwa kwa fedha, kisha wakawaweka katika kijiji cha Kikristo chini ya amri zao. Ni wema, na ni utawala, katika kitendo kilekile. Kozi nzuri ya dini inakufundisha kubeba yote mawili bila kudondosha moja. Ukiacha, acha kwa sababu zako, usimsingizie Ezana.

*Kwenye mhadhara ilisomwa Injili ya Barnaba. Kwa nini makanisa yanaificha? (Msomaji, Tanga)*

Imefichwa wapi na umeisikia kwenye spika uwanjani? Ni kitabu kisichomo katika Biblia. Nakala yake kongwe ni ya Kiitaliano, iko Vienna, na wataalamu wanaiweka karibu na mwisho wa karne ya 16. Ndani yake Yesu anapanda mashua kwenda Nazareti, mji ulio vilimani usio na pwani. Inasema yubile ni kila miaka mia, wakati Walawi 25 inasema hamsini. Yubile ya mia ilianzishwa na Papa Bonifasi wa Nane mwaka 1300. Na ndugu zangu Waislamu ndio wangekuwa wa kwanza kuiweka chini, maana humo Yesu anakana kuwa Masihi, ilhali Qurani inamwita Masihi Isa bin Maryamu.

Wakristo msipige makofi. Nanyi mna wahubiri wanaoichambua Qurani kwa fotokopi ya ukurasa mmoja, aya wameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na ya juu yake wala ya chini yake hawaijui.

*Mchungaji wetu anasema chuo cha theolojia ni bure, kwa kuwa "andiko huua, bali roho huhuisha". (Mwanakwaya, Kahama)*

Huo ni 2 Wakorintho 3:6. Mwambie aendelee mpaka wa 7, aone ni maandishi yapi: yale yaliyochorwa katika mawe. Paulo anapambanisha agano la kale na jipya, hapigi vita shule. Huyu ni mtu aliyejitambulisha kuwa alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa Torati, na katika 2 Timotheo 4:13 anaagiza aletewe joho lake na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Kama mchungaji huyo anajiita Dokta, ulizeni ni wa chuo gani. Nimehudhuria "mahafali" ya jioni moja kwenye ukumbi wa hoteli: joho la kukodi, keki, mpiga picha, na mhitimu aliyeshindwa kunitajia mada ya utafiti wake. Anayedharau darasa huku akinunua cheo chake anajua kabisa thamani ya darasa.

*Wewe mwenyewe ni Mkristo? (Mwenye mashaka, Dodoma)*

Ndiyo. Ningekuwa Mbudha, jibu la Nikea lingekuwa lilelile.

*Nataka kuanza kujisomea, sina ada ya chuo. Nianzie wapi? Nimekutumia video moja uniambie kama inafaa. (Fundi seremala, Morogoro)*

Anza na Marko, sura zote 16 kwa mkao mmoja, kama unavyosoma barua ya mtu. Ukifika 16:8, simama. Nakala mbili kongwe za Biblia ya Kigiriki, zote za karne ya 4, zinaishia hapo: wanawake wanakimbia kaburini, hawamwambii mtu neno kwa kuwa wanaogopa. Kaa na mwisho huo siku kadhaa kabla ya kusoma mistari inayofuata. Halafu chukua Luka, usiruke mistari minne ya mwanzo, ambapo anakiri kwamba wengi wameandika kabla yake na kwamba "amejitafutia usahihi". Weka daftari, uandike kila unachokiona kwa Luka usichokiona kwa Marko. Daftari likijaa, niandikie tena.

Video sijaifungua.