USIIOSHE! Weka hiyo ndimu chini kwanza

Ndugu, kabla hujasoma jibu la mtu mwingine yeyote, weka ndimu chini.

Umeuliza mistari ya kahawia kwenye senti yako ya Marekani ya 1919 ni nini, uihifadhi vipi, na kama ndimu na chumvi vitaitoa. Vitaitoa, ndiyo! Mimi yangu niliitumbukiza kwenye siki na chumvi. Ilikuwa na michirizi myembamba kama mishipa ya ubao, imepita juu ya shavu la Rais Lincoln, aliye kwenye sarafu hiyo, hadi kwenye herufi, na ukingoni zambarau ikififia kuwa buluu. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba shaba halisi ni nyekundu, kilicho juu yake ni uchafu. Anauza sarafu kila siku na hajui anachokiuza! Dakika chache tu, nikaitoa ikiwa ya waridi kama kidonda kilichobanduliwa gamba. Baada ya wiki kadhaa ikaota mabaka meusi. Bado ninayo, na kila nikiitazama roho inauma.

Ule haukuwa uchafu. Senti zile ni shaba 95%, iliyobaki ni bati na zinki. Mchanganyiko usipokolea sawasawa, bamba likipitishwa kwenye roli michirizi hunyooka, na kila mchirizi huzeeka kwa rangi yake. Zambarau na buluu ni utando mwembamba wa oksidi unaocheza na mwanga, kama mafuta juu ya dimbwi. Asidi huanza kula utando huo, na ukishaliwa ndio basi.

Kwa hiyo tazama tu. Taa moja, lenzi ya kukuza mara kumi, uinamishe sarafu taratibu. Michirizi ya mchanganyiko haijali herufi wala picha, inapita tu. Rangi ya kubandikwa kwa moto au kemikali mara nyingi huwa kali mno, na utaiona imefunika hata mikwaruzo mipya. Kijani cha unga kinachopukutika ni ugonjwa wa shaba, yaani kutu inayoendelea kuila; itenganishe sarafu hiyo na nyingine leo hii. Kijani kinachonata kimetoka kwenye plastiki laini, hicho asetoni safi hukiondoa bila kudhuru shaba. Lakini ndimu, siki, dawa ya kung'arishia, hata kitambaa kikavu: hapana, hapana, hapana!

Ishike ukingoni, piga picha pande zote mbili taa ikiwa ubavuni, uziweke hapa. Nazisubiri.