Maswali na Majibu: Kuanza Kutumia Programu ya Kutafuta Katika Hifadhidata za Maktaba

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu programu za kompyuta ya mezani zinazotafuta rekodi za vitabu katika katalogi za maktaba nyingi kwa pamoja. Nimefupisha maswali yao na kuyapanga kuanzia hatua ya mwanzo. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali mawili au matatu kati ya haya ndiyo yanayowakwamisha watu wengi, na mengine yanajibika kwa maneno machache.

Swali: Nina kivinjari na intaneti. Kwa nini nijisumbue kusakinisha programu nyingine ili nitafute kitabu?

Jibu: Ikiwa unatafuta kitabu kimoja katika maktaba moja, usijisumbue, ukurasa wa wavuti wa maktaba hiyo unatosha. Programu ya aina hii ina faida pale unapotaka kuziuliza maktaba tatu au kumi swali lile lile, kuyaweka majibu yao katika orodha moja, kisha kuzihifadhi rekodi zenyewe katika kompyuta yako. Mkutubi huitumia ili asiandike upya maelezo ya kitabu ambacho mwenzake wa mbali alikwisha kukiorodhesha, na mtafiti huitumia kujaza orodha yake ya marejeo. Kompyuta hizo huzungumza kwa kanuni iitwayo Z39.50, iliyopitishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1988, kabla wavuti haujawafikia watu, na kukubaliwa kimataifa mwaka 1998 kwa jina la ISO 23950. Ni kanuni ya kizee, lakini bado inafanya kazi. MarcEdit, programu ya kuhariri rekodi za maktaba ambayo hutolewa bure, inayo, EndNote, ya kupanga marejeo, inayo, na mfumo wa Koha, unaoendesha maktaba nzima, unayo ndani yake.

Swali: Nimeisakinisha, lakini kabla sijatafuta chochote inaniuliza anwani ya seva, poti na jina la hifadhidata. Nijaze nini?

Jibu: Anwani ya seva ni jina la kompyuta ya maktaba unayotaka kuiuliza. Poti ni namba ya mlango wa kuingilia katika kompyuta hiyo. Mlango uliosajiliwa kwa Z39.50 ni 210, ingawa maktaba nyingi zimechagua namba nyingine, kwa hiyo usiijaze 210 kwa mazoea. Jina la hifadhidata ni la katalogi yenyewe, maana seva moja inaweza kutunza katalogi kadhaa, na mara nyingi seva huwa kali kuhusu herufi kubwa na ndogo. Mambo haya matatu hutangazwa na maktaba husika katika kurasa zake za wakutubi. Yachukue huko, wala usiyanakili kutoka katika orodha za zamani zinazozunguka mtandaoni, kwa sababu maktaba inapobadilisha mfumo wake anwani hubadilika, na orodha ile hubaki ilivyokuwa.

Anza na maktaba moja tu. Wageni wengi huweka alama kwenye maktaba ishirini siku ya kwanza, kisha moja inapokataa hawajui ni ipi, wala ni kwa nini.

Swali: Programu inafanya kazi vizuri ofisini, lakini nyumbani inasema haiwezi kuunganisha, ilhali intaneti ipo.

Jibu: Kuna uwezekano wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba mtandao wa nyumbani, au programu ya ulinzi iliyomo katika kompyuta yako, huruhusu milango inayotumiwa na kurasa za wavuti na kuifunga mingine, ukiwamo ule wa 210. Iruhusu programu yako katika mipangilio ya ulinzi, kisha ujaribu tena. Wa pili ni kwamba maktaba inawatambua watumiaji wake kwa anwani ya mtandao wa ofisi, na hapo itakubidi uombe jina la mtumiaji na neno la siri.

Swali: Kila ninachotafuta kinaleta sifuri, hata vitabu maarufu. Je, programu ni mbovu?

Jibu: Huenda si mbovu. Sifuri haina maana kwamba maktaba haina kitabu. Mara nyingi ni dalili kwamba swali limebanwa kupita kiasi. Chukua kitabu ambacho umekwisha kuhakikisha, katika ukurasa wa wavuti wa maktaba ile ile, kwamba kimo. Kitafute kwa neno moja tu la jina lake, lile lisilo la kawaida. Kikitokea, muunganisho ni mzima na kosa limo katika namna ulivyouliza. Kisipotokea, rudi kwenye mipangilio, kwa sababu kubadilisha maneno hakutakusaidia.

Makosa ya kuuliza ninayokutana nayo zaidi ni yale ya jina la mwandishi na ya ISBN, yaani namba ya utambulisho inayochapwa katika kitabu. Katika katalogi, jina la ukoo hutangulia, kisha mkato, kisha jina la kwanza. Ukiandika kwa mpangilio wa kuitana barabarani, faharasa ya waandishi huenda isikutambue. Andika jina la ukoo peke yake, kisha uchague katika orodha itakayokuja.

Kuhusu ISBN, tuchukue namba 978-0-306-40615-7. Iandike bila vistari: 9780306406157. Ikiwa haileti kitu, kumbuka kwamba namba za tarakimu 13 zilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2007, na rekodi nyingi za vitabu vya kabla ya hapo zina namba ya tarakimu 10 tu. Watu hudhani kwamba kuikata ile 978 ya mwanzo kunatosha. Hakutoshi, kwa sababu tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizoitangulia, na hesabu ya mtindo wa zamani ni tofauti: namba hiyo hiyo kwa tarakimu 10 ni 0306406152, yaani inaishia na 2, si 7. Nyingine huishia na herufi X, na hiyo nayo ni sehemu ya namba. Ukitaka kujua kama umeinakili sawasawa namba ya tarakimu 13, zidisha zile 12 za kwanza kwa 1 na kwa 3 kwa zamu, kisha ujumlishe. Katika mfano wetu jumla ni 93, na ile 7 ya mwisho ndiyo inayoifikisha 100. Jumla isiyogawanyika kwa 10 maana yake kuna tarakimu umeikosea. Namba zinazoanza na 979 hazina sura ya tarakimu 10, kwa hiyo usiitafute.

Swali: Mwongozo unasema niweke alama ya nyota mwishoni mwa neno ili nipate umoja na wingi. Nimeandika «mtoto*» na sipati vitabu vyenye neno «watoto». Ninakosea wapi?

Jibu: Hukosei. Nyota hukata mkia wa neno, ilhali nomino zetu hubadilika kichwani. Alama hiyo ilibuniwa kwa ajili ya lugha ambazo wingi wake huongezwa mwishoni, na huko hufanya kazi nzuri. Kwetu sisi, «mtoto*» haiwezi kufika kwenye «watoto», wala «kitabu*» haitaleta «vitabu». Na ukikata hadi kubaki na «ki*», utaletewa nusu ya katalogi.

Programu kadhaa hukubali nyota mbele ya neno, kwa mfano «*toto», lakini seva nyingi hukataa swali la namna hiyo na kurudisha ujumbe wa kosa, kwa sababu faharasa yao imepangwa kwa herufi za mwanzo. Hata ikikubaliwa, itakuletea mtoto, watoto, kitoto na utoto kwa pamoja, jambo ambalo pengine ndilo unalolitaka na pengine silo. Njia ya uhakika ni kuyataja maneno yote mwenyewe, ukiyaunganisha kwa OR (yaani «au»): mtoto OR watoto OR utoto. Katika mada ya kilimo utaandika kilimo OR mkulima OR wakulima. Mimi ninalo faili dogo la maandishi lenye familia za maneno ninayoyatafuta mara kwa mara, na kila nikihitaji nainakili familia nzima kwenye kisanduku cha kutafutia. Si ufundi mkubwa, ila umeniokolea muda mwingi kuliko mwongozo wowote.

Ritifaa nayo ina vituko vyake. Neno «ng'ombe» katika katalogi moja huhifadhiwa bila alama, kuwa «ngombe». Katika nyingine alama hugeuzwa kuwa nafasi, ukapata maneno mawili. Tena, ritifaa iliyopinda, inayowekwa yenyewe na programu za kuandikia barua, si herufi moja na ile iliyonyooka ya kibodi. Usinakili neno la namna hiyo kutoka katika waraka. Liandike upya kwa mkono, na lijaribu kwa sura zote tatu.

Ikiwa programu yako ina kichujio cha lugha, tumia msimbo «swa», ambao ndio wa Kiswahili katika rekodi za maktaba. Ukiunganishwa na neno moja pana, msimbo huo huleta vitabu ambavyo usingevifikiria.

Swali: Natafuta kwa mada ya «ufugaji wa nyuki» katika maktaba kubwa ya nje. Naambiwa hakuna kitu.

Jibu: Kuna tofauti kati ya maneno yaliyomo katika jina la kitabu na kichwa cha mada alichokiweka mkutubi. Jina la kitabu hubaki katika lugha ya kitabu, lakini kichwa cha mada huandikwa katika lugha ya maktaba, na huchaguliwa kutoka katika orodha maalumu, si kwa hiari ya mwandishi. Maktaba zinazofuata orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani huvipa vitabu vya ufugaji wa nyuki kichwa cha «Bee culture», maneno ambayo hata msemaji wa Kiingereza hawezi kuyakisia kwa urahisi.

Kwa hiyo usikisie. Tafuta kwanza kitabu kimoja unachokijua kwa jina lake, fungua rekodi yake kamili, uangalie uga (sehemu ya rekodi yenye namba yake) wa 650, ambamo mada huandikwa, na unakili kichwa cha mada kama kilivyoandikwa. Kisha utafute upya, safari hii katika faharasa ya mada. Kitabu kimoja ulichokipata kwa bahati hukuonyesha rafu nzima.

Swali: Je, inahitajika kutumia mabano ninapochanganya AND (yaani «na») na OR?

Jibu: Ndiyo, kila mara. Ukiandika mbu OR inzi AND dawa, programu moja itasoma kutoka kushoto kwenda kulia na kukupa rekodi za dawa zinazohusu mbu au inzi. Nyingine itaipa AND kipaumbele na kukuletea kila rekodi yenye neno mbu, iwe na dawa au isiwe nayo. Andika (mbu OR inzi) AND dawa, ubishi uishe. Neno NOT (yaani «isiwe na») litumie kwa uchache, kwa sababu hutupa hata kitabu kizuri ambacho kimelitaja tu lile neno usilolitaka.

Swali: Nimehifadhi rekodi, na sasa majina yenye herufi za kigeni yameharibika. Nizirekebishe moja moja?

Jibu: Hapana, kwanza soma aina ya uharibifu. Jina José likionekana kama JosÃ©, rekodi imeandikwa kwa mfumo wa UTF-8 na programu yako imeisoma kwa mfumo mwingine. Likionekana kama Josâe, rekodi imeandikwa kwa MARC-8, mfumo wa zamani wa maktaba ambao huweka alama ya mkazo kabla ya herufi yake. Katika visa vyote viwili rekodi ni nzima. Kilichokosewa ni usomaji. Badilisha mpangilio wa usimbaji herufi, kisha uipakie upya. Rekodi yenyewe hujitambulisha: katika herufi 24 zinazoitangulia, ile ya kumi ikiwa «a» ni Unicode (UTF-8 ni ya kundi hilo), na ikiwa nafasi tupu ni MARC-8, mradi aliyeitengeneza hakukosea.

Jambo moja usilifanye kamwe: usifungue faili la rekodi hizo kwa programu ya kuandikia barua, ukasahihisha, ukahifadhi. Muundo wa MARC, ambao ndio wa kuhifadhia rekodi za maktaba katika kompyuta, uliobuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram, huanza kila rekodi kwa tarakimu tano zinazotaja urefu wake, zikifuatwa na saraka inayosema kila uga unaanzia wapi. Ongeza herufi moja, na hesabu yote inateleza. Nilifanya hivyo zamani, nikisahihisha jina moja tu, na faili zima likakataa kupakiwa. Nilirudi kuzitafuta rekodi zote upya. Tumia kihariri cha MARC, na uache nakala ya asili bila kuguswa.

Swali: Nikipata rekodi, nitaweza kukisoma kitabu chenyewe?

Jibu: Kwa kawaida hapana. Rekodi ni maelezo ya kitabu: mwandishi katika uga wa 100, jina katika 245, uchapishaji katika 260 au 264, mada katika 650. Angalia kama kuna uga wa 856, kwa sababu humo ndimo huwekwa kiungo cha nakala ya kielektroniki pale inapokuwapo, ingawa kiungo hicho huweza kudai neno la siri la maktaba husika. Namba ya rafu utakayoiona katika rekodi ni ya maktaba iliyoitoa; kabla hujaenda kukitafuta kitabu katika maktaba iliyo karibu nawe, tafuta tena katika katalogi yake upate namba yake yenyewe.