Bastola ya kwanza ya binti yako: achana na ile wanayoiita ya kike

Ukoo ukisikia tu binti wa fulani anatafutiwa bastola, kila mwanamume anakua fundi. Ami yake atakwambia mtafutie kale kadogo kanakoingia kwenye mkoba, si msichana bana, mikono laini. Mjomba atakwambia chukua rivolva, ile ya gurudumu la risasi, haina mambo mengi, na jirani ambaye hata hakuulizwa anataka umchukulie jikubwa la kumtisha mwizi. Wote hao hakuna aliyeuliza mkono wa binti mwenyewe una ukubwa gani ama ataivaa wapi kwenye mwili. Mie ni mama, nimebeba mguu wa kuku wa kibali miaka mingi hapa Malindi sababu ya duka la jumla na hesabu za jioni, na kama kuna neno moja ntakupa leo ni hili: hakuna bastola ya kike wala ya kiume, kuna inayomkaa mkononi na isiyomkaa, na atakayeijua ni yeye.

Binti yangu ana miaka 25, ndiye siku hizi anayezunguka kukusanya pesa za wateja wetu wa Marafa na barabara ya Garsen kule, yuko na gari lakini kuna vipande vya njia hupati mtu wa kumpungia mkono. Basi akaniambia mama, na mie nataka niombe. Babake alinyamaza siku nzima.

Kabla hujafika kwenye bastola punguza pesa taslimu kwanza. Naongea kama mfanyabiashara. Wateja wakilipa kwa simu hakuna cha kuibiwa njiani, na badilisha saa za kutembea, na asiende peke yake. Sisi tulifanya hayo yote na bado kuna wazee hawataki kusikia habari ya simu, wanataka noti wazihesabu wenyewe mbele yako. Na ujue bastola yenyewe ni mali inayotafutwa, mwizi akishajua unayo anaweza kukujia kwa ajili yake, kwa hivyo huyu binti mwenye tabia ya kupiga picha kila kitu na kuposti, huyo bado, mwache.

Sheria nitaipitia haraka manake watu huichanganya na sinema za Marekani. Kwetu Kenya kumiliki bunduki si haki, katiba ya 2010 haina kifungu cha hivyo, ni kibali unachopewa na kinaweza kuchukuliwa, chini ya Sheria ya Silaha, ile Sura ya 114, na anayetoa ni Bodi ya Leseni za Silaha. Utaeleza kwa nini unaitaka, utaleta cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, utaangaliwa afya pamoja na akili, na utaonyesha unajua kuitumia. Wale wenye vibali vya zamani wanakumbuka msako wa 2018 kuingia 2019, tuliitwa wote upya kukaguliwa, na kuna wakubwa wenye majina walirudisha bunduki. Na hili watu hawalijui: cheti ni cha mtu huyo na bunduki hiyo, namba kwa namba. Yangu siwezi kumwazima binti yangu hata kwa safari moja ya Gede na kurudi, awe na chake. Ukimpa "aishike tu leo" mmeingia kesi nyote wawili.

Haya, tuje kwenye chuma chenyewe.

Ule ushauri wa kadogo ndio mbaya kuliko yote na ndio unaopewa kila msichana. Tulipoenda kwa muuza silaha, kabla hata hatujakaa alishatoa kabastola kamoja kanang'aa akasema hii ndio ya akina dada, mama, nyepesi, haisumbui. Inaonekana hivyo ukiishika tupu. Lakini risasi ikitoka ule mpigo lazima uende mahali, na bastola ikiwa nyepesi hakuna uzito wa kuumeza, wote unaingia kwenye kiganja. Halafu kipini chake ni kifupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika kinaning'inia, kwa hivyo kila risasi bastola inaruka na kugeuka mkononi. Mwanafunzi akipigwa teke mara mbili tatu anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na hiyo tabia ikiingia kuitoa ni kazi. Nzito kidogo ya kipini kirefu ndio laini. Kinyume na vile watu wanavyodhani.

Na zile za .380, risasi fupi kuliko 9mm ya kawaida, ambazo muuzaji atakwambia ni risasi ndogo kwa hivyo rahisi, angalia imetengenezwa vipi. Nyingi za kizamani, mfano Walther PPK, hazina kufuli ya mtutu, kinachozuia slaidi, lile chuma la juu linalorudi nyuma kila risasi, isirudi mapema ni uzito wake na springi ngumu, basi binti anahangaika kuivuta nyuma kukoki na akipiga inamuuma kuliko 9mm ya saizi ya kati. Risasi ndogo, maumivu makubwa, pesa ile ile. Rivolva ndogo ya risasi tano nayo kweli haina mambo mengi ila triga yake ni ndefu na nzito, kidole kinavuta mpaka mkono wote unatetemeka na shabaha ishahama, na ukimaliza hizo tano kuijaza tena ni shughuli. Mjomba anaipenda sababu hajawahi kuipigia.

Kwa hivyo 9mm ya kawaida, ile 9x19, yaani upana wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita. Iko kila mahali, askari wanaitumia, na risasi zake ndizo nafuu kuliko nyingi za bastola, na hilo la bei usilidharau sababu bastola ambayo huwezi kuifanyia mazoezi ni pambo tu. Saizi ya kati. Kwa Glock, zile za Austria, hiyo ni namba 19, iliyotoka 1988, inabeba risasi 15, tupu ina kama gramu 600 na ukiijaza inapita 800. Ile 26 ni ndugu yake mfupi wa risasi 10, watu wanamkimbilia sababu inafichika, lakini ya kujifunzia mie hapana. CZ 75 ya Wacheki ni nzuri mashallah, chuma kitupu, kama kilo moja hivi, na uzito huo unafanya ipige kwa upole, ila mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu kisha inayofuata ni mifupi, na mwenye vidole vifupi hiyo ya kwanza haifikii vizuri.

Mkono unapimwa hivi. Kwanza hakikisha haina kitu, na ufuate mpango: magazini, lile kasha la risasi ndani ya kipini, itoke kwanza, ndio uvute slaidi, uangalie kwa macho kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, halafu uingize kidole kidogo uguse. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini unatoa risasi moja na kuingiza nyingine, na wewe unajiambia ni tupu, na watu wamekufa hapo hapo. Baada ya hayo aishike juu kabisa, pale kati ya gumba na shahada pakae juu kwenye mgongo wa kipini, mtutu ulingane na mfupa wa mkono kuanzia kiwiko, kisha aweke kidole kwenye triga bila kugeuza bastola. Pedi ya kidole, pale penye alama za vidole, ikifika katikati ya triga imemkaa. Ikifika ncha tu ni kubwa, akivuta ataisukuma pembeni. Ikifika kwenye kiungo ni ndogo. Zile Glock kuanzia toleo la nne la 2010 zina migongo ya kubadilisha, kwa hivyo usimwache muuzaji akwambie haimtoshi kabla hajajaribu ule mwembamba, na bila mgongo wa kuongeza kabisa.

Binti yangu alikua ametoka harusini ana hina mpaka kwenye kucha na kucha zenyewe ndefu, akavuta slaidi kwa nyuma kwa vidole viwili kama alivyoona kwenye video, ikamshinda, yule jamaa akacheka cheka akarudi kwenye kadogo kake. Nikamwambia mwanangu, weka kiganja chote juu ya slaidi, vidole vinne upande mmoja, kisha usivute, sukuma kipini mbele kwa mkono wa kulia, wote kwa pamoja, karibu na kifua. Ikafunguka. Si nguvu, ni namna ya kushika, na wanaume hawafundishwi hiyo sababu nguvu inawafichia ujinga wao. Kucha alikata mwenyewe jioni ile.

Lakini bado usinunue dukani. Mpeleke renji, uwanja wa shabaha, apige za aina mbili tatu, ukipata yenye .22, risasi ndogo kabisa, aanzie hapo kwa siku ya kwanza azoee kelele na moshi bila teke, halafu 9mm. Wewe mzazi kaa nyuma. Kweli, kaa nyuma, ukimsahihisha wewe na mwalimu na babake mara moja atapiga vibaya na atachagua ile mnayoipenda nyinyi ili mnyamaze. Angalia vitu viwili tu: risasi ya tano inaingia karibu na ya kwanza ama inashuka, na anaporudi kujaza magazini anafanya kwa hamu ama anatafuta sababu ya kwenda kunywa maji. Wangu aliipiga CZ vizuri zaidi lakini akaniambia mama hii nzito, nikiivaa kutwa nzima ntaanza kuiacha kwenye gari, nami nkaona hilo ni jibu la mtu mzima kuliko la mjomba wake. Akachukua 19.

Glock haina sefti ya pembeni ya kubonyeza, sefti yake iko kwenye triga yenyewe, ikivutwa inapiga. Hivyo ndio nikakataa katakata mambo ya mkoba. Ndani ya mkoba mna funguo, kalamu, wanja, kitu chochote kinaingia kwenye triga, na mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi anavuta, na mtoto wa dada yako akija anafungua kutafuta pipi. Holsta, yaani ala ya bastola, ngumu inayofunika triga yote, kwenye mwili, basi. Nyumbani ni sefu iliyofungwa kwa nati ukutani. Kwetu Idi watoto wanajaa mpaka kwenye ngazi, hakuna kabati wasilofungua, na kuiweka juu ya kabati ni kuwapa kazi ya kupanda.

Kuna zile kanuni nne za Jeff Cooper, Mmarekani aliyekua mwanajeshi wa Marines, kila mwalimu anazisema: kila bunduki ihesabu ina risasi, usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole mbali na triga mpaka shabaha iko tayari, na ujue kilicho nyuma ya unachokilenga. Hiyo ya nne kwetu ndio ya kuisisitiza. Nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe ukuta wake ni mnene, lakini hizi vyumba zetu za mabati, za udongo na fito, paa la makuti, 9mm inapita na kwenda kwa jirani aliyelala. Nilimzungusha binti yangu ndani ya nyumba, chumba kwa chumba, tukaangalia ukisimama hapa nyuma ya mlango kuna nini, na pembe mbili nikamwambia hapa hupigi, hapa unatoka unakimbia.

Chumvi nayo. Hii hewa ya bahari haichagui, inakula hadi bawaba za mlango. Glock ina plastiki kwenye kipini na slaidi yake inavumilia, lakini springi, pini na saiti, vile vya kulengea juu, zinashika kutu kama kawaida, na jasho la mwili linaongeza. Kipangusio chenye mafuta kidogo kila jioni ukivua, na usiihifadhi ndani ya holsta ya ngozi manake ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatia. Mafuta yenyewe kidogo tu, yakizidi yanakamata vumbi la ile barabara ya Marafa inakua matope.

Kitu ambacho hatujakimaliza mpaka leo ni baibui. Holsta nyingi zilizoko zimetengenezewa mtu wa suruali na mkanda, na yeye anavaa baibui la mpaka chini, sasa ili aitoe lazima alipandishe kwa mkono wa kushoto mpaka kiunoni, na ile nguo ikirudi inanasa kwenye saiti. Anafanya mazoezi chumbani na bastola tupu, mlango umefungwa, risasi ziko chumba kingine. Tulijaribu mkanda wa tumboni, joto la Malindi likaukataa. Fundi cherehani amempasulia baibui moja ubavuni na kutia zipu, akiambiwa ni ya kuingiza simu, na hilo linakwenda vizuri kidogo akiwa amesimama, ila akikaa kwenye gari na mshipi wa kiti umefungwa zipu haifikiki. Kama kuna mama ama binti amelitatua hili la kwenye gari naomba anieleze alifanyaje.